Uchaguzi wa Gari la Punda: Mafunzo kutoka Kongwa

Wafugaji na wachukuzi wanaokusudia kununua gari la kukokotwa na mnyama wanaombwa kuyasoma maelezo haya kabla ya kutoa fedha zao. Mfano umechukuliwa Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, ambako punda huchukua maji, kuni na magunia ya mavuno. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta, nao ukavunjwa mwaka 1951. Punda yu kazini hadi leo.

Kinachotangulia kutazamwa si gari, bali ni mnyama atakayelivuta. Ng'ombe huisukuma nira kwa nundu yake. Punda hana nundu. Nguvu zake hutoka kifuani. Akivishwa nira ya ng'ombe, mti humchubua shingo, na kidonda hicho hakiponi madhali kazi inaendelea. Kwa hiyo gari linalouzwa na nira pekee lisinunuliwe kwa ajili ya punda, hata bei ikiwa rahisi. Itakiwe mikanda mipana ya kifuani, ya ngozi au turubai, iliyotiwa kitambaa laini kwa ndani. Waya na kamba za nailoni hukata ngozi. Uwepo pia mkanda wa nyuma ya mapaja, ili gari lisimgonge mnyama miguuni linapoteremka.

Magurudumu ya chuma hayatoboki, na katika nchi ya miiba ya migunga hiyo ni sifa kubwa. Lakini huzama mchangani, na makorongo ya huko yana mchanga mwingi. Matairi ya upepo huvutika kwa wepesi zaidi. Anayeyachagua aweke pampu na viraka.

Gari la magurudumu mawili lipimwe likiwa limepakiwa. Mtu mmoja aweze kuinua ncha ya mti wa mbele bila ya taabu. Ikishindikana kuinuka, uzito huo utamwelemea punda. Ikipaa yenyewe, mikanda itamkaba.

Punda jike hubeba mimba kiasi cha mwaka mzima, kwa kawaida kwa mtoto mmoja tu. Biashara ya ngozi imewapunguza punda barani, hata Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuisitisha. Aliyeharibiwa shingo, basi, si rahisi kupatiwa badala yake.

Mnunuzi aende na punda wake kwa fundi, mikanda ivishwe hapo hapo, gari livutwe tupu, kisha livutwe na mzigo.