Tovuti Nyepesi Huokoa Bando na Kawi

Mkazi wa Kuresoi anayefungua fomu ya basari kwenye simu hulipia kila megabaiti inayoshuka. Fomu iliyochapishwa kwenye karatasi kisha ikapigwa skani inaweza kufika MB 8. Ikihifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta kama PDF, maneno yale yale hutoshea chini ya MB 1. Bando ndilo huumia kwanza. Nyuma yake kuna umeme: seva, minara ya mtandao na simu yenyewe vyote huutumia, na pale unapozalishwa kwa makaa ya mawe au dizeli, kila ukurasa unaofunguliwa huongeza kaboni hewani.

Nakuru tuna bahati. Olkaria, kule Naivasha, imezalisha umeme wa mvuke tangu 1981, na takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya ni kawi safi. Hata hivyo, tovuti yako ikiwa kwenye seva ya ng'ambo, inatumia umeme wa huko.

Kupima si kazi ngumu. Tazama kwenye mipangilio ya simu kivinjari kimetumia data kiasi gani, fungua tovuti yako, kisha utazame tena. Tofauti ndiyo uzito wa ukurasa. Kikokotoo cha Website Carbon nacho hukadiria gramu za kaboni kwa kila anayetembelea ukurasa. Ni makadirio tu, lakini yanafaa kulinganisha kabla na baada ya marekebisho.

Picha ndizo mzigo mkubwa. Chukua mfano wa hoteli yenye picha sita, kila moja MB 4, kama zilivyotoka kwenye kamera. Hizo ni MB 24. Wakiingia watu 1,000 kwa mwezi, ni GB 24. Zipunguze upana hadi pikseli 1,200, uzihifadhi kwa muundo wa WebP, na kila moja inaweza kushuka hadi KB 200: GB 24 zitakuwa GB 1.2, na mgeni hataona tofauti kwenye simu. Video zinazojiwasha zenyewe ziondolewe kabisa, hakuna aliyeziomba.

Faida nyingine husahaulika: kurasa nyepesi hufunguka hata kwenye simu kuukuu, na kutengeneza simu mpya hutoa kaboni nyingi kabla haijawashwa.

Unapolipia upya huduma ya seva, muulize mwuzaji iko nchi gani na inatumia umeme gani.