Ufugaji Mdogo wa Nguruwe Katika Asia: Chakula, Soko na Mapatano na Jirani



Katika mikutano tunayofanya pamoja nanyi, neno la nguruwe halikosi. Wengine wanaomba mbegu ya nguruwe kwa sababu ng'ombe wao walinyang'anywa na hawana tena malisho. Wengine wanakataa, wakisema nguruwe hula mihogo ya watu, huleta kesi kwa chifu, na pesti ikiingia wanakufa wote kwa muda mfupi. Pande zote mbili zinasema kweli. Kwa hiyo tumeona vema kutazama bara la Asia, ambako mamilioni ya jamaa maskini wanafuga nguruwe mmoja, wawili au watano nyuma ya nyumba. Swali letu ni hili: ni kitu gani kinachofanya nguruwe amwinue maskini, na ni kitu gani kinachofanya amfilisi? Wale ambao dini yao haiwaruhusu nguruwe wanaweza kusoma nasi pia, kwani mengi ya haya yanahusu hata mbuzi.

Vietnam: nyama ya alfajiri

Nchini Vietnam watu wanakula nyama ya nguruwe kuliko nyama nyingine yoyote, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilitoka kwa wakulima wadogo. Katika bonde la Mto Mwekundu, upande wa kaskazini, jamaa yenye kashamba kadogo ka mpunga inaweza kufuga jike mmoja au wawili. Pumba zinatoka katika mpunga wao wenyewe. Majani ya viazi vitamu na mboga za majini wanazikata kando ya maji. Kijiji kinachopika pombe ya mchele au kutengeneza tambi hakitupi machicha, yote yanakwenda kwa nguruwe. Wanapenda mbegu ya kienyeji iitwayo Mong Cai, jike mpole, mwenye kuzaa watoto wengi na asiyechagua majani. Wanampandisha kwa dume la kizungu ili watoto wawe na nyama nyingi kuliko mafuta. Hata mavi yana kazi: bustani, kidimbwi cha samaki na banda la nguruwe vinalishana, na Wavietnam wanaviita kwa jina moja, VAC, kutokana na herufi za kwanza za maneno yao matatu. Tangu mwaka 2003 serikali yao, pamoja na shirika moja la Uholanzi, ilisaidia jamaa nyingi kujenga visima vya kugeuza mavi kuwa gesi ya kupikia.

Lakini jambo lililotushangaza zaidi ni soko. Mchinjaji wa kijiji anakuja nyumbani, anapatana bei, anachinja usiku, na alfajiri nyama iko mezani sokoni ingali na joto. Mchana imekwisha. Wateja wengi hawataki nyama ya barafu. Wanaibonyeza kwa kidole, na zaidi ya kidole wanamtegemea mama muuzaji ambaye wamemjua kwa miaka. Kwa maoni yetu, desturi hii iliwalinda wakulima wadogo kuliko misaada mingi, kwa maana nyama iliyosafiri juma zima melini haiwezi kushindana na nyama iliyochinjwa usiku huu huu. Upande mwingine, mkulima mwenye nguruwe mmoja hana nguvu mbele ya mchinjaji. Akiwa na mtoto hospitalini, anauza siku hiyo kwa bei anayopewa.

China imeshika njia nyingine

Karibu nusu ya nguruwe wote wa dunia wako China. Zamani jamaa ya kijijini ilinenepesha nguruwe mmoja au wawili kwa ajili ya Mwaka Mpya wao. Leo kampuni kubwa ndizo zinazokua. Katika mji wa Ezhou, jimbo la Hubei, lilijengwa ghorofa la orofa 26 kwa ajili ya nguruwe tu, likaanza kazi mwaka 2022. Hapo hakuna la kuiga kwa mtu anayekaa chini ya hema.

Nagaland na Laos: kazi ya akina mama

Kaskazini-mashariki mwa India, katika milima ya Nagaland, watu wengi ni Wakristo na wanapenda sana nyama ya nguruwe, hasa nguruwe mweusi mwenye mafuta. Nguruwe wao hawatoshi, kwa hiyo malori yanaleta wengine kutoka majimbo ya mbali. Hata hivyo wa kienyeji anapendwa zaidi, na mteja yuko tayari kumlipia zaidi. Basi soko lipo. Shida ni kupata watoto wa nguruwe wa kufuga, na shida ya pili ni jasho: kila siku mama anatafuta majani ya porini na magimbi, anayakata, kisha anayapika kwa kuni kabla ya kulisha.

Katika Laos, upande wa kaskazini, nguruwe wengi walizoea kuzurura na kujitafutia. Walipofungiwa, akina mama na watoto walianza kutembea saa nyingi kutafuta majani. Watafiti wakawaletea mmea uitwao stailo, wa jamii ya maharage, wanaoupanda karibu na nyumba na kuukata kila wakati. Nguruwe walikua upesi zaidi na mama akapunguziwa safari. Tunalisema hili kwa viongozi hasa. Mnapopokea mradi wa nguruwe, ulizeni ni nani atakayetafuta majani, na atayatafuta wapi. Katika mahali ambapo kwenda porini ni kuhatarisha maisha ya mwanamke, mradi usio na jibu kwa ulizo hilo ni bora ukataliwe.

Ufilipino: nguruwe wa kugawana

Wafilipino wana desturi iitwayo paiwi. Mwenye feza kidogo ananunua mtoto wa nguruwe na kumpa jirani au ndugu asiye na mtaji. Huyu analisha na kutunza, na siku ya kuuza wanagawana faida. Akiwa ni jike, wanagawana watoto. Kwetu pia jambo hili si geni, watu wengi wameshika mbuzi au ng'ombe wa mwingine kwa namna hiyo. Tunaliona kuwa linafaa sana kati ya mkimbizi na mwenyeji: mmoja ana mahali pa banda na mabaki ya shamba, mwingine ana mikono na muda. Lakini lazima mapatano yasemwe mbele ya mashahidi, na ulizo gumu liulizwe mwanzoni: nguruwe akifa, hasara ni ya nani? Mapatano yasiyotaja kifo ndiyo yanayofika kwa chifu.

Ugonjwa uliotoka kwetu

Homa ya nguruwe ya Kiafrika, ile tunayoiita pesti, ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Mwaka 2007 ilifika Georgia, na mwezi wa nane mwaka 2018 ikaonekana China. Mwaka 2019 ikaingia Vietnam, Laos, Ufilipino, Timor ya Mashariki na Indonesia, na mwaka 2020 kaskazini-mashariki mwa India. Vietnam peke yake ilipoteza karibu nguruwe milioni 6 mwaka 2019. Mwanadamu haimpati, lakini virusi vyake hukaa ndani ya nyama, katika makombo yasiyochemshwa, kwenye kisu, kiatu na gurudumu.

Tuseme wazi namna inavyotembea. Mfugaji anaona nguruwe mmoja amelala, hali chakula. Anaogopa, anawauza wengine haraka kwa bei ya chini, au anachinja na kugawa nyama. Kila kipande kinabeba ugonjwa hadi nyumba nyingine. Si ubaya wa moyo, ni umaskini. Ndiyo maana Vietnam na Ufilipino ziliwalipa wafugaji fidia kwa nguruwe waliouawa kwa amri ya serikali, ingawa fidia haikulingana sikuzote na bei ya soko. Mahali pasipo na fidia, watu huficha. Hata baada ya ugonjwa kupita, shida haikuisha: Ufilipino mwaka 2021 ilipunguza ushuru wa nyama ya kutoka ng'ambo ili bei ishuke mjini, na wafugaji wadogo wakalalamika kwamba wanapigwa mara mbili.

Vietnam iliruhusu chanjo yake itumike nchini kote mwaka 2023, na Ufilipino ikaanza kuitumia chini ya usimamizi wa serikali mwaka 2024. Chanjo hiyo ilitengenezwa kwa aina ya virusi iliyoenea huko Asia. Katika Kivu kuna aina nyingine. Basi mtu akija kambini kuuza chupa akisema ni chanjo ya pesti, msimpe makuta yenu. Silaha yetu ni banda lililofungwa, makombo kuchemshwa vizuri, mzoga kuzikwa shimo refu, na kutomkaribisha mchuuzi ndani ya banda.

Timor ya Mashariki: sheria ya kijiji

Tumeiacha nchi hii mwisho kwa sababu inatukaribia zaidi. Karibu kila nyumba ya kijijini ina nguruwe, lakini si kwa soko kwanza. Ni wa mahari, wa matanga, wa kupatanisha jamaa. Machafuko ya mwaka 2006 yaliwafukuza watu wapatao 150,000 kutoka nyumba zao, nao waliporudi walikuta magomvi ya viwanja na mipaka. Vijiji vingi vikaimarisha desturi ya kale iitwayo tara bandu. Wazee, viongozi wa serikali na wananchi wanakaa pamoja, wanapatana juu ya makatazo, wananing'iniza alama mahali pa wazi, na mnyama anachinjwa kwa kiapo. Kati ya makatazo hayo mara nyingi yamo ya mifugo: nguruwe asiachwe azurure, na akiharibu shamba mwenyewe alipe kiasi kilichotajwa tangu mwanzo. Hapo hakuna tena kubishana bei wakati wa hasira, wala panga kuinuliwa juu ya mihogo.

Ya kuzungumza katika vikundi vyenu

Hapa mnapokaa, nguruwe angekula nini mwezi wa njaa, na nani angekwenda kukitafuta? Ni nani angemnunua, na mnamjua kwa jina? Mkimbizi na mwenyeji wakishirikiana nguruwe mmoja, ni mashahidi gani wangeaminiwa na pande zote mbili? Na nguruwe wa kwanza akifa kijijini, ni nani apaswaye kuambiwa siku hiyo hiyo?