Kamwone Daktari wa Meno Kabla Jino Halijauma

Wengi wetu huenda kwa daktari wa meno tukiwa tumeshika shavu. Karafuu tumeweka, maji ya chumvi tumesukutua, usiku hatukulala, na sasa tunataka jino ling'olewe tupumzike. Mara nyingi jino hilo lingeweza kuzibwa kama tungewahi.

Kwa nini niende na wala siumwi? Kwa sababu jino huanza kuoza kimyakimya. Bakteria wa kinywani hula sukari iliyobaki kwenye meno na kutoa tindikali inayomung'unya ganda gumu la nje. Ganda hilo halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo tundu huanza bila wewe kuhisi chochote. Maumivu makali huja likishakaribia kiini cha jino. Fizi nazo huugua polepole. Ukiona damu kila unapopiga mswaki, usiseme ndivyo ulivyo. Huenda fizi zimevimba na zinahitaji kuangaliwa.

Niende lini na wapi? Angalau mara moja kwa mwaka. Ukiwa na kisukari, ukivuta sigara au fizi zikikusumbua, nenda kila baada ya miezi sita. Mjamzito pia aende, maana fizi huvimba kwa urahisi wakati huo. Kwa Tanzania, ulizia kitengo cha kinywa na meno katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Baadhi ya vituo vya afya navyo vinatoa huduma hiyo.

Nikifika nitafanyiwa nini? Daktari ataingiza kioo kidogo chenye mpini, aangalie jino moja moja, fizi, ulimi na ndani ya mashavu. Mwonyeshe kidonda chochote cha mdomoni ambacho hakijapona kwa wiki mbili. Akikuta ugaga, yaani ukoga uliokauka na kugandamana na jino, atauondoa kwa vifaa maalumu, kwa sababu mswaki hauwezi kuutoa. Wako wanaosema kusafishwa hulegeza meno. Kinacholegeza meno ni ugonjwa wa fizi uliojificha chini ya ugaga.

Gharama je? Bei hutofautiana, kwa hiyo uliza mapokezini kabla hujalipa chochote, na kama una bima, uliza inalipia nini. Kwa kawaida kumwona daktari na kusafishwa ni nafuu kuliko kutibu mzizi wa jino, na kung'oa kunaweza kukuletea gharama ya jino la bandia baadaye.

Nyumbani nifanye nini? Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na usikose usiku kabla ya kulala. Tumia mswaki wenye nyuzi laini na dawa yenye floraidi, madini yanayoimarisha ganda la jino. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kazini. Badilisha mswaki kila miezi mitatu au nyuzi zikipinda. Na soda au chai ya sukari, kunywa wakati wa mlo. Kuionja kidogo kidogo kutwa nzima huyanyima meno nafasi ya kupumzika kutokana na tindikali.

Na watoto? Anza kumsafisha jino la kwanza linapotokeza, kwa kawaida karibu na miezi sita. Chini ya miaka mitatu, dawa iwe ndogo kama punje ya mchele; kuanzia mitatu hadi sita, kama punje ya njegere. Akikaribia miaka sita, mwangalie nyuma kabisa ya kinywa. Gego la kwanza la kudumu huota hapo bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Hilo halina mbadala.

Ukiambiwa mtoto wako anaharisha au ana homa kwa sababu ya "meno ya plastiki", usikubali ufizi wake uchokonolewe. Kinachotolewa pale ni vichipukizi vya meno yake halisi, na kidonda kinaweza kuleta maambukizi ya hatari. Mpeleke zahanati akatibiwe kuharisha au homa hiyo.

Kwa wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara: baadhi ya maji ya huko yana floraidi nyingi kupita kiasi, ndiyo inayotia meno madoa ya kahawia. Madoa hayo hujengeka utotoni, meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Ukiweza, mtoto anywe na apikiwe kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa safi na kuchemshwa, na umuulize daktari kuhusu dawa ya meno inayomfaa.

Leo jioni, mkae mwangani umfungue mtoto kinywa, kisha ujitazame na wewe kwenye kioo. Ukiona doa jeusi, tundu au fizi nyekundu iliyovimba, usingoje iume: nenda kliniki wiki hii.