Jinsi ya Kuokoa Okidi ya Chunguni Inayodhoofika

Okidi ni ua la fahari sebuleni na ofisini, kwani maua yake yanaweza kudumu miezi 2 hadi 3. Hata hivyo, okidi nyingi hufa mikononi mwa watu wanaozipenda. Chanzo kikubwa ni maji kupita kiasi.

Aina inayouzwa sana vyunguni ni falenopsisi, yenye asili ya misitu ya joto ya Asia. Porini hukaa juu ya matawi ya miti, mizizi ikiwa wazi: mvua huilowesha, kisha upepo huikausha. Mizizi hiyo ikifukiwa kwenye udongo mzito wa shambani hukosa hewa na kuoza.

Mzizi uliooza haunywi maji. Kwa hiyo majani hulegea na kukunjamana, kana kwamba mmea una kiu. Mwenye mmea akiongeza maji, uozo huzidi. Ndiyo maana mizizi hukaguliwa kwanza.

Kutambua mizizi

Mzizi wenye afya ni imara ukibonyezwa. Ukiwa mkavu huwa na rangi ya fedha. Ukilowa hugeuka kijani. Mzizi uliooza ni wa kahawia na teketeke, na ganda lake huvuka likiacha uzi mwembamba.

Hatua za kuokoa

1. Mmea utolewe chunguni na mizizi isafishwe kwa maji.
2. Mizizi iliyooza ikatwe kwa makasi yaliyopanguswa kwa spiriti. Iliyo hai iachwe.
3. Kikonyo cha maua kikatwe, ili nguvu za mmea ziende kwenye mizizi.
4. Mmea uachwe kivulini kwa saa kadhaa, vidonda vikauke.
5. Upandwe katika chungu kidogo chenye matundu, kwa vipande vya magome ya miti vilivyochanganywa na vipande vya makaa. Udongo usitumike.
6. Uwekwe penye mwangaza usio na jua kali. Mbolea isitiwe hadi mizizi mipya ichipuke.

Kupona huchukua miezi, na jani jipya au ncha ya mzizi ya kijani ndiyo dalili njema. Lakini kitovu cha majani kikiwa cheusi na kimeoza, matumaini ni madogo.

Utunzaji wa kila siku

Okidi imwagiliwe asubuhi, chungu kinapokuwa chepesi na mizizi ina rangi ya fedha. Mara nyingi hiyo ni takriban mara 1 kwa wiki; msimu wa baridi, siku huongezeka. Maji yapite yote chini, na yasituame kwenye kisahani. Yakiingia katikati ya majani, yafyonzwe kwa kitambaa. Kwenye maeneo ya nyanda za juu, chungu kiondolewe dirishani usiku, kwa sababu baridi ya chini ya nyuzijoto 15 huudhuru mmea huu.

Maua yakipukutika, mmea haujafa, umepumzika. Wengi huutupa wakati huo, ilhali ukitunzwa unaweza kuchanua tena.

Anayetaka okidi nyingine ainunue kwenye kitalu. Okidi zinazong'olewa msituni, kama vile Ansellia africana yenye maua ya manjano na madoa ya kahawia, zinazidi kupungua, na nyingi hazidumu zikitolewa kwenye miti yao.