Mkojo Ukiwa Safi, Je, Tezi Dume Imepimwa?

Leo nazungumza na kina baba na kaka zetu walioko hapa Uingereza. Kina mama nanyi msome, maana mara nyingi ninyi ndio mnaopiga simu kwa GP kuomba miadi.

Mara kwa mara nakutana na mzee anayeniambia: "Sista, mimi tezi dume nimeshapima. Nilitoa mkojo nikaambiwa safi." Nikimdadisi, kumbe ni kile kijiti kinachochovywa kwenye kikopo cha mkojo. Kijiti hicho kinatafuta dalili za U.T.I., sukari, damu na protini. Hakipimi PSA, na hakiwezi kukuambia kama una saratani ya tezi dume au huna. Mzee wa watu anarudi nyumbani ametulia, na hakuna aliyemwangalia.

PSA ni nini basi? Ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kazi yake ni kuyafanya manii yawe mepesi. Kiasi kidogo huvuja na kuingia kwenye damu. Tezi ikitanuka kwa umri, ikipata maambukizi au saratani, kinachovuja huongezeka. Kwa hiyo tunapima damu.

Utauliza: mkojo si unapita katikati ya tezi hiyo hiyo? Kwa nini tusipime PSA humo, tukaepuka sindano? Swali zuri, na watafiti wamelijaribu kwa miaka mingi. Shida ni kwamba kwenye mkojo PSA ipo nyingi hata kwa mwanaume mzima kabisa, kwa kuwa imetiririka kutoka kwenye tezi. Mkojo wa mwanzo unakuwa nayo zaidi kuliko wa katikati, na ukinywa maji mengi inazimuka. Hata mtu aliyeondolewa tezi yote anaweza kukutwa nayo, kwani vijitezi vya kwenye mrija wa mkojo navyo huitengeneza kidogo. (Msishangae, hata sisi wanawake tunayo kidogo!) Matokeo ya mgonjwa na ya mzima yakaingiliana mno. Kwenye damu hali ni tofauti: kawaida huwa kidogo sana, hivyo ikipanda ina jambo la kusema.

Vipo vipimo vingine vya mkojo vinavyotafuta alama za jeni badala ya PSA yenyewe. Kimoja, PCA3, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012, lakini kwa wanaume ambao walishakatwa kinyama bila kukutwa na saratani. Si cha kuanzia.

Hapa Uingereza mwanaume wa miaka 50 au zaidi anaweza kumwomba GP kipimo cha damu cha PSA bila malipo, baada ya kuelezwa faida na hasara zake. Usisubiri kuitwa. Sisi watu weusi tuna sababu ya kuwahi: mwanaume 1 kati ya 4 hupata saratani hii maishani, wakati kwa wanaume wote kwa ujumla ni 1 kati ya 8. Zungumza na GP kuanzia miaka 45, hasa kama baba au kaka yako aliugua. Usingoje dalili, kwani mwanzoni mara nyingi hazipo.

Kabla ya kutolewa damu, kaa saa 48 bila tendo la ndoa wala mazoezi mazito, hasa baiskeli (vijana wa kupeleka chakula mnanisikia). Kama umeugua U.T.I., subiri wiki 6. Ukitumia finasteride, mwambie daktari, kwani hushusha PSA karibu nusu.

Jibu likija juu, usianze kugawa urithi. Takriban wanaume 3 kati ya 4 wenye PSA ya juu hawana saratani, na kwa kawaida utapigwa picha ya MRI kwanza. Ila likija chini na bado unaona damu kwenye mkojo, rudi kwa daktari. Mkojo ukiziba kabisa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na ukifika kwa GP sema wazi: "Naomba kipimo cha damu cha PSA." Ukipewa kikopo peke yake, uliza tena.