Pango, Divai na Joka: Sauti Tatu za Mwongoza Watalii katika Kras ya Slovenia

Makala haya yanachukua safari ya siku moja na kuisoma kama matini. Safari yenyewe ni ya kawaida kwa watalii wanaoanzia Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia: asubuhi pango la Postojna, mchana ngome ya Predjama iliyojengwa kwenye mdomo wa pango, alasiri glasi ya divai nyekundu katika vijiji vya Kras karibu na mpaka wa Italia. Mtu mmoja, mwongoza watalii, husema siku nzima. Anatoka kwenye jiolojia, anaingia kwenye hekaya, anaishia kwenye biashara. Tukimtafsiri kwa Kiswahili, tutamwonyeshaje msikilizaji kwamba sauti imebadilika?

Swali hili si la mbali nasi. Kongo ina mapango yake: ya Mont Hoyo kule Ituri, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya njiani na sokoni, na ya Mbanza-Ngungu katika Kongo Central. Maelezo ya mapango hayo kwa Kiswahili yataandikwa na watu waliopita katika vitivo kama chetu.

Tuanze chini ya ardhi. Postojna ni mfumo wa njia za pangoni zenye urefu wa kilomita 24 hivi, na joto lake hukaa karibu nyuzi 10 mwaka mzima. Mwongozaji ataeleza hivi: maji ya mvua huchukua gesi ya kaboni hewani na udongoni, hupata asidi kidogo, hupenya kwenye nyufa na huyeyusha jiwe la chokaa. Angalia kiambishi hu-. Hakina wakati wala shahidi. Kinasema mambo ndivyo yalivyo siku zote. Akigeukia historia ya mahali, atahamia -li- yenye tarehe: reli iliwekwa pangoni mwaka 1872, taa za umeme zilifika mwaka 1884. Hapa msikilizaji anaweza kwenda kuhakikisha.

Niseme neno kwa wenzetu wanaorudia kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Neno la kimataifa la ardhi ya namna hii, karst, ni jina la Kras lenyewe kwa umbo la Kijerumani. Dolina, polje na ponor, ambayo wanajiolojia wa dunia nzima huyatumia, ni maneno ya wakulima wa Kislavoni: bonde, shamba, na mahali mto unapozama. Dolina hata imepotea njia, kwani kimataifa ni shimo la ardhi iliyodidimia, lakini Mslovenia wa kawaida akisema dolina anamaanisha bonde tu, na shimo hilo analiita vrtača. Mto unaozama katika mapango ya Škocjan, jirani ya hapo, unaitwa Reka, yaani “mto”. Hilo lisitushangaze sisi ambao nchi yetu iliitwa Zaïre kwa sababu Wareno walilisikia vibaya neno la Kikongo nzadi, “mto”. Kwa ponor napendekeza mmezo: mto umefika kwenye mmezo wake. Kitenzi kumeza kila mtu anacho tayari.

Katika pango hilohilo anaishi mnyama anayewapa watafsiri taabu. Wanasayansi humwita Proteus anguinus. Ni amfibia mwembamba, kipofu, wa sentimita 20 hadi 30, mwenye ngozi iliyopauka, anayeweza kukaa miaka bila kula. Kwa Kislovenia ni človeška ribica, neno kwa neno “kisamaki cha kibinadamu”, kwa sababu ngozi yake inafanana na ya binadamu. Binadamu yupi? Msomaji wa Bunia au Lubumbashi ataisoma tafsiri sisisi na kutafuta mikono na uso. (Yuko pia proteus mweusi, aliyegunduliwa kusini-mashariki mwa Slovenia mwaka 1986; hakuna aliyembadilishia jina kwa ajili yake.) Linganisha na samaki kipofu wa mapango ya Mbanza-Ngungu, Caecobarbus geertsii kwa wanasayansi tangu 1921. Wenyeji humwita nzonzi a mpofo. Mpofo ni ndugu wa kipofu chetu, na jina linasema kinachoonekana. Kwa hiyo ningemwita proteus kipofu wa pangoni, nikaacha ubinadamu wake kwenye maelezo.

Mnyama huyu ndiye mlango wa hekaya. Mwaka 1689 Valvasor, mwandishi wa nchi hiyo, aliandika kwamba watu walisema joka linaishi chini ya ardhi, na mafuriko huwatoa nje watoto wake. Hao watoto walikuwa proteus. Joka letu, nyoka aliyekuzwa kwa kuhamishiwa ngeli ya li-/ya-, halina mabawa wala moto, lakini wasomaji wa Ufunuo wa Yohana katika Kiswahili wamekwisha kulizoea. Shida iko kwenye “watu walisema”. Tuna njia nyingi za kulieleza, nazo hazilingani. Inasemekana humficha msemaji. Eti humcheka. Na katika Kiswahili chetu cha Kongo kuna mtego wa ziada: walisema kama joka linaishi humo, kwetu ni habari tu, kwa sababu kama ni kwamba, msomaji wa Dodoma ataona “kama” ya shaka au ya mfano. Mimi nachagua wenyeji husimulia kwamba. Hekaya ina wenyewe, na hatuna ruhusa ya kuwafuta wala kuwadhihaki.

Mchana, Predjama, alama moja ya mwanzoni haitoshi. Wenyeji husimulia kwamba Erazem, bwana mnyang'anyi wa karne ya 15, alikosana na Kaisari, akakimbilia ngomeni, akazingirwa, akapitisha chakula katika njia ya siri ya pangoni, akawatupia maadui cheri mbichi kuwaonyesha kwamba hana njaa, akasalitiwa na mtumishi, akauawa na kombora chooni. Hesabu -ka- hizo. Baada ya ya tatu msikilizaji amekwisha kusahau husimulia. Simulizi linajiendesha lenyewe na linaingia kichwani kama historia. Njia za pangoni nyuma ya ngome zipo kweli, na hilo linazidi kuchanganya. Lakini ngome inayoonekana leo ilijengwa kwa sehemu kubwa karne moja baadaye, katika miaka ya 1570. Mtafsiri mwangalifu atakata mnyororo katikati: hekaya inaendelea kusema kwamba… kisha -ka- zirudi.

Inabaki divai. (Neno lenyewe tumelipata kwa Wafaransa, du vin, mvinyo ni wa Wareno.) Teran hutokana na zabibu za refošk katika udongo mwekundu wa Kras wenye chuma. Jina lake lina ulinzi wa kisheria, na Slovenia ilikwenda mahakamani mwaka 2017 Tume ya Ulaya ilipowaruhusu Wakroatia wa Istria kuliandika kwenye chupa zao. Ilishindwa mwaka 2020. Plinius naye aliandika kwamba Livia, mke wa Kaisari Augusto, alisema uzee wake mrefu ulitokana na divai ya Pucinum. Watu wa Teran husema ni yao, na wa Prosecco vilevile. Hapa kila dai lina mwenyewe, hivyo tafsiri ni rahisi.

Kisha mwongozaji anainua glasi na kusema: Teran huongeza damu. Hu- ileile ya asubuhi, iliyoyeyusha chokaa. Sarufi haikubadilika hata kidogo, lakini aliyesema asubuhi alikuwa na jiolojia nyuma yake, na anayesema sasa ana chupa za kuuza. Kiswahili sanifu hakimlazimishi kuweka alama yoyote. Tafsiri yangu ingekuwa wauzaji husema Teran huongeza damu, na najua mwenye duka hataipenda. Mjadala ninaoutaka na wahadhiri wetu ni huu: je, mtafsiri ana haki ya kuongeza wauzaji husema mahali ambapo matini asilia imenyamaza?