Pensheni Inatoka Ng'ambo, Unaishi Kenya: Utapataje Kadi ya Mkopo ya Hapa?

"Mimi nimelipia nyumba Leicester miaka 20 bila kuruka hata mwezi mmoja. Leo naambiwa sina historia?"

Hayo ni maneno ya shangazi yangu, aliyerudi Voi baada ya kustaafu kazi ya uuguzi Uingereza. Kadi yake ya mkopo ya kule iliisha muda. Benki ikamtumia mpya, lakini kwa anwani ya zamani. Kadi iko Leicester, yeye yuko Voi, na tiketi ya ndege ya kwenda kumwona mjukuu inangoja kulipiwa. Akaingia benki moja hapa nchini na karatasi zote za pensheni, akijua atatoka na kadi. Alitoka na jibu la "samahani, mama."

Kama wewe ni mstaafu unayeishi Kenya kwa pensheni ya nje, au una mzazi, shangazi au mjomba aliye katika hali hiyo, makala haya ni yako. Tutaona kwa nini benki husita, njia gani iko wazi, na mtego gani wa kuepuka ukishapata kadi.

Historia yako ya mkopo haipandi ndege

Benki ikitaka kukupa kadi ya mkopo, swali lake si "Huyu ana pesa?" peke yake. Inauliza pia, "Huyu akikopa, hulipa?" Hapa Kenya jibu linatafutwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo, zile tunazoita CRB. Zilizopewa leseni na Benki Kuu ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Ndani yake kuna rekodi za mikopo ya benki, ya SACCO, na ile ya simu.

Miaka 20 ya shangazi iko kwenye rekodi za Uingereza. Afisa wa benki wa Voi hazioni. Akitafuta jina lake kwenye CRB za hapa, anakuta ukurasa mtupu.

Usichanganye ukurasa mtupu na faili mbaya. Faili mbaya inasema ulikopa ukashindwa kulipa. Ukurasa mtupu unasema hatukujui bado. La kwanza huchukua muda kusafisha, la pili unaanza kulijaza leo. Sheria inakupa haki ya kupata ripoti yako ya CRB mara moja kwa mwaka bila malipo, kwa hivyo hakikisha kwanza uko upande gani.

Kuna jambo la pili: umri. Benki nyingi huweka kikomo cha umri kwa mkopo usio na dhamana. Uliza swali hili mapema, kwa simu, kabla hujapanga foleni: "Mwenye miaka kama yangu mnampa kadi ya aina gani?" Hakuna aibu hapo. Linakuokolea safari.

Je, kweli unaihitaji?

Kwa mboga, umeme, maji, matatu na mshahara wa mlinzi, pesa kwenye simu inatosha. Kadi ya kawaida ya ATM, inayokata pesa zilizo kwenye akaunti yako, nayo inafaa dukani na mara nyingi hata mtandaoni.

Kadi ya mkopo inaleta faida pale ambapo mtu anataka kuzuia pesa kwa muda kama rehani: hoteli, kukodisha gari, na wakati mwingine hospitali ya kibinafsi inapotaka amana kabla ya kukulaza. Inafaa pia kwa tiketi za ndege, kwa sababu safari ikivurugika unaweza kupinga malipo kupitia benki iliyokupa kadi.

Kutumia kadi ya ng'ambo hapa Kenya kila siku kuna gharama zake. Kadi nyingi hutoza ada kwa kila malipo ya nje ya nchi yake. Na mashine ya dukani ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa pauni, chagua shilingi. Ukichagua pauni, bei ya kubadilisha itapangwa na kampuni ya mashine, na kwa kawaida huwa mbaya kuliko ya benki yako.

Karatasi za kuandaa

Kinachoitishwa kinategemea wewe ni nani.

*Mkenya uliyerudi.* Kitambulisho cha taifa kinatosha. Lakini ikiwa ulichukua uraia wa nchi nyingine kabla ya tarehe 27 Agosti 2010, Katiba ya sasa ilipoanza kutumika, huenda uraia wako wa Kenya ulikoma bila wewe kujua. Aliyekuwa Mkenya kwa kuzaliwa ana haki ya kuurudisha kwa kutuma ombi Idara ya Uhamiaji. Fanya hivyo kwanza, maana kitambulisho cha zamani kikigongana na pasipoti mpya, ombi lako la kadi litakwama.

*Mgeni uliyehamia hapa.* Unahitaji pasipoti, kibali cha kuishi, na kitambulisho cha mgeni. Wastaafu wengi hutumia kibali cha daraja la K. Hiki ni cha mtu wa miaka 35 au zaidi, mwenye mapato ya uhakika na asiyefanya kazi ya kuajiriwa hapa. Angalia tarehe ya mwisho ya kibali. Benki haipendi kutoa kadi ya miaka mitatu kwa mtu ambaye kibali chake kimebaki miezi minne.

Kwa wote wawili, ongeza hizi:

- PIN ya KRA. Kumbuka ukiwa nayo una wajibu wa kuwasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni 30 kupita, hata kama huna kodi ya kulipa.
- Barua ya pensheni, inayoonyesha kiasi na kwamba unalipwa maisha yako yote.
- Taarifa za akaunti za miezi sita au zaidi, zikionyesha pensheni ikiingia.
- Uthibitisho wa mahali unapoishi.

Hiyo ya tatu ndiyo wengi hukosea. Pensheni ikiingia Uingereza au Ujerumani, halafu wewe unajitumia kidogo kidogo kwa simu, benki ya hapa haioni mapato, inaona vijisenti visivyo na mpangilio. Fungua akaunti ya kawaida hapa, uelekeze pensheni yote au sehemu yake iingie humo kila mwezi, kiasi kilekile, na subiri miezi sita ndipo uombe kadi. Ndivyo shangazi alivyofanya mara ya pili.

Mlango ulio wazi: kadi yenye dhamana

Kwa mtu asiye na historia, njia ya haraka ni kadi ya mkopo inayolindwa na akiba yako mwenyewe. Unaweka amana benki, benki inaifunga, kisha unapewa kadi yenye kikomo kisichozidi amana hiyo. Ukishindwa kulipa, benki inajilipa kutoka kwenye amana.

Utasema, "Sasa nikope pesa yangu mwenyewe kwa nini?" Swali zuri. Unalipia vitu viwili: kadi yenyewe, na ule ukurasa wa CRB unaoanza kujaa. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kulipa vizuri, una hoja ya kuomba amana ifunguliwe au kikomo kiongezwe.

Kabla ya kutia sahihi, uliza haya:

1. Amana inapata riba, au imekaa tu?
2. Nikifunga kadi, amana inarudi baada ya muda gani?
3. Ada ya mwaka ni ngapi?
4. Malipo yangu mazuri yanaripotiwa CRB, au ni yale mabaya peke yake?
5. Nikifariki, deni na amana vinashughulikiwaje?

La tano linauma kulitamka, lakini liulize. Kisha mwambie mtu mmoja wa familia kwamba amana hiyo ipo. Mwambie ipo tu, usimpe nambari ya siri.

Deni ni la shilingi, pensheni si ya shilingi

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Bili ya kadi ya hapa inakuja kwa shilingi. Pensheni yako inakuja kwa dola, pauni au yuro. Tuseme unapokea dola 1,000. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, kwa hivyo ulipata kama 160,000. Kabla mwaka huo kuisha, dola ilishuka hadi takriban 129. Pensheni ni ileile, lakini mkononi una 129,000. Shilingi 31,000 zimepotea kila mwezi na hukufanya kosa lolote. Shilingi ikipata nguvu, wengi tunafurahi. Anayelipa deni la shilingi kwa pesa ya nje anaumia.

Kwa wanaopokea pensheni ya serikali ya Uingereza kuna zaidi. Ukiishi Kenya, pensheni hiyo haiongezwi kila mwaka kama ya wanaoishi kule. Kiasi ulichokuja nacho ndicho unachobaki nacho, huku bei za Voi na Nyali zikipanda. Pia, mara kwa mara wastaafu wa nje hutumiwa fomu ya kuthibitisha kwamba bado wako hai. Usipoirudisha, malipo yanaweza kusimamishwa. Pensheni inasimama, bili ya kadi haisimami.

Kwa hivyo fanya hesabu ukitumia bei mbaya. Chukua pensheni yako, ibadilishe kwa bei ya chini kuliko ya leo, kisha matumizi ya kadi yasizidi robo ya hapo. Kwa dola 1,000, tuseme kwa shilingi 120, ni 120,000. Robo yake ni 30,000. Benki ikikupa kikomo cha 200,000, hiyo ni hesabu ya benki. Yako ni 30,000.

Riba inavyofanya kazi

Ukinunua kitu kwa kadi na ukalipa bili yote kufikia tarehe iliyoandikwa, kwa kawaida hulipi riba. Kadi nyingi hukupa muda unaofika hadi siku 50 hivi tangu siku ya kununua, kutegemea umenunua siku gani ya mwezi.

Shida inaanza na yale maneno "kiwango cha chini cha kulipa". Tuseme bili ni 40,000, kiwango cha chini ni asilimia 10, na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Unalipa 4,000 na kujiona umemaliza. Lakini 36,000 zilizobaki zinazaa riba ya 1,080 mwezi huo, kabla hujanunua hata kiberiti. Asilimia 3 kwa mwezi inasikika ndogo. Ikirundikana mwaka mzima inapita asilimia 42.

Dawa ni moja: iagize benki ikate bili *yote* kwenye akaunti inayoingia pensheni, siku mbili tatu baada ya pensheni kuingia.

Na jihadhari na hili, hasa sisi watu wa pesa kwa simu. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo huwa na ada, na riba huanza siku hiyohiyo. Kuhamisha pesa kutoka kadi ya mkopo kwenda kwenye simu mara nyingi huhesabiwa vivyo hivyo. Ukihitaji pesa kwenye simu, itoe kwenye akaunti yako, si kwenye kadi.

Laini yako ndiyo ufunguo

Ukilipa mtandaoni, benki hutuma nambari ya siri ya mara moja kwenye simu. Kwa hivyo sajili kadi kwa laini ya Kenya iliyo kwa jina lako mwenyewe, si ya kijana wa nyumbani wala ya fundi aliyekusaidia ulipofika. Weka nambari ya siri kwenye SIM. Laini ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani inafanya kazi, pigia kampuni ya simu na benki mara moja, maana matapeli huanza kwa kuhamisha laini.

Na anayekupigia akisema, "Shikamoo mzee, nisomee ile nambari imeingia sasa hivi," huyo si benki. Kata simu, adabu yake isikuzuie.

Shangazi aliishia wapi?

Alifungua akaunti, pensheni ikaanza kuingia tarehe ileile kila mwezi, akaweka amana ndogo na kupata kadi ya kikomo kidogo. Tiketi ya kwanza ya kwenda kwa mjukuu nilimlipia mimi kwa kadi yangu, akanirudishia kwa simu siku hiyohiyo. Ya pili alijilipia.

Bado anasema benki ilimvunjia heshima. Mimi namwambia benki haikumjua tu, na sasa inaanza kumjua.

Una mzazi anayepanga kurudi nyumbani baada ya kustaafu? Mtumie makala haya kabla hajafunga virago. Hiyo miezi sita ya kusubiri inaweza kuanza akiwa bado kule.